Miguu ya Kaka Faustin

Jumatatu, 7 Juni 1976

Asubuhi ukungu mzito na baridi ya kukata masikio. Mlima hauonekani kabisa.

Likizo imeanza. Siku kumi na nne. Masjala watajijua na mafaili yao.

Jambo la kwanza: nimepata lenzi! Ile ya kamera yangu ya Kirusi ilipasuka Machi, nilipoiangusha kwenye ngazi za kanisa. Bi Nurbanu, mwenye duka la picha mjini, alikuwa na nyingine kabatini. Ya shaba, ya kabla ya vita, mali ya mkulima mmoja wa Kijerumani aliyeishi Mufindi. Nzito kama jiwe la kusagia. Kila kitu ni kwa mkono: pete ya mbele inafungua na kuziba tundu la mwanga, pete ya nyuma unaizungusha mpaka sura ionekane wazi. Bi Nurbanu akanionya kwamba lenzi hii haimsaidii mtu mwenye haraka. Nikamjibu kwamba nimefanya kazi masjala miaka sita.

Haikuingia kwenye kamera. Fundi Selestini, wa saa na redio, akanichongea pete ya kuunganisha kutokana na shaba ya stovu kuukuu. Alitaka abaki nayo hadi Jumatano ili aipime. Nimeichukua leo leo.

Jambo la pili ndilo kubwa. Kaka Faustin, mwalimu wa darasa la nne, anataka kumwoa Roza, mwanafunzi wa uuguzi Iringa. Roza anamtaka. Mwenye neno la mwisho ni shangazi yake Roza, Bi Kalista, ndiye aliyemlea. Jana mshenga wetu, Mzee Bartolomeo, alirudi na habari mbaya. Kuna dereva wa lori wa Nyololo naye amepeleka posa, na watu wake wamevumisha kwamba Faustin ana mguu wa mti.

Mwaka jana Faustin alivunjika mguu wa kushoto akicheza mpira, akafungwa plasta miezi mitatu. Mguu ukapona. Uvumi haukupona. Shangazi anataka picha ya Faustin amesimama, kuanzia utosi hadi soli za viatu.

Faustin alikuwa anavaa koti aende kwa Philbert, mwenye studio yenye pazia lililochorwa ndege. Nikamzuia mbele ya watu wote waliokuwa barazani. Philbert huyu ndiye aliyesema kamera yangu inafaa kukandamizia banda la kuku. Nimetangaza kwamba picha ya posa nitapiga mimi.

Nalala saa tatu na nusu.

Jumanne, 8 Juni

Jua kali, upepo baridi.

Hatua nne nimeziandika kwenye kadi ya masjala. Fungua tundu ili uone. Zungusha pete hadi sura iwe wazi. Ziba tundu hadi namba nane. Bonyeza.

Nimemsimamisha Faustin mlangoni asubuhi. Picha thelathini na sita. Jioni nikafuata majibu mjini. Bi Nurbanu akanitandazia karatasi nyeupe tupu mezani. Akasema, "Binti, hapa umepiga picha ya sembe."

Nilisahau hatua ya tatu, mwanga ukaingia wote. Mara thelathini na sita. Kosa si langu. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na koti alikuwa amelivaa Faustin.

Saa nne kamili.

Jumatano, 9 Juni

Ukungu hadi saa tatu, kisha jua.

Ushindi! Sura imetoka unaweza kuhesabu nyusi. Uzi uliolegea kwenye ukosi unaonekana. Bi Nurbanu ameisogeza picha dirishani, halafu akasema mwaka huu hajaona uso wa namna hiyo ukitoka kwenye kamera yoyote ya mji huu.

Kasoro moja ndogo. Lenzi inaona vizuri hatua mbili tu. Nikirudi hatua ya tatu, Faustin anageuka ukungu. Ya nne, anageuka moshi. Na ukisimama hatua mbili kutoka kwa mtu mzima, unampata hadi mkanda wa suruali. Nimejaribu kulala chini. Nimejaribu kupanda juu ya meza. Chini matundu ya pua, juu kipara.

Selestini ameiangalia. Pete yake ni nene mno, inaisukuma lenzi mbele, ndiyo maana inaona vya karibu peke yake. Inatakiwa kukerezwa kwenye mashine. Lakini anaondoka leo kwenda msibani Kyela, wiki nzima. Akaniuliza kama hakuniambia nimwachie hadi Jumatano. Leo ni Jumatano. Sikuona haja ya kunikumbusha.

Faustin akataja tena studio. Nikamwambia Philbert anaumwa. Dakika hiyo hiyo Philbert akapita barabarani na baiskeli, anapiga mluzi. Nikasema homa za siku hizi zinakuja na kuondoka.

Nimeamua: tunapeleka nusu. Uso kama ule hauhitaji miguu. Mzee Bartolomeo anapanda basi kesho.

Saa nne na nusu, kwa furaha.

Jumapili, 13 Juni

Baridi. Majani ya nyuma ya nyumba yameungua kwa jalidi, ile barafu ya alfajiri.

Mzee Bartolomeo amerudi. Alikataa chai. Nilijua hapo hapo.

Bi Kalista aliitazama picha akaigeuza, kana kwamba miguu iko upande wa nyuma. Kisha akaita majirani. Wakakubaliana kwamba watu hukatwa miguu kwenye picha za kitambulisho tu, na huyu haombi kitambulisho, anaomba mke. Anayekuja kuposa anaonyesha viatu vyake. Asiyevionyesha hana pa kuvivalia. Mzee Bartolomeo aliapa kwamba ameiona miguu yote miwili kwa macho yake. Akaambiwa macho yake yanakula kwa Faustin.

Roza amelia. Shangazi anangoja hadi Jumapili ijayo, saa ya kutoka kanisani. Baada ya hapo anamjibu dereva.

Faustin hakunigombeza. Alikaa kitandani akiutazama mguu wake wa kushoto. Afadhali angenigombeza.

Saa sita kasoro robo. Usingizi hauji.

Jumatatu, 14 Juni

Mawingu. Upepo wa vumbi.

Faustin ameondoka alfajiri kwenda semina ya walimu Tukuyu. Anarudi Jumamosi. Aliniachia maagizo mafupi: nimtafute Philbert, nimpeleke Tukuyu, nisiguse kamera.

Nimefikiri kwa utaratibu. Lenzi inapiga nusu ya mtu, tena vizuri sana. Mtu ana nusu mbili. Nusu ya juu ninayo tayari kwenye filamu. Kinachotakiwa ni nusu ya chini, gundi, na picha ya picha. Kunakili karatasi ni kazi ya karibu, na vya karibu ndivyo lenzi hii inavyopenda!

Miguu yenyewe iko Tukuyu. Lakini mguu ni mguu.

Ambrosi, jirani yetu mwenye bucha, amekubali mara moja. Ni mjane mwenye roho nzuri na mapaja kama magogo. Nimemvalisha suruali ya Faustin ya kuendea harusini. Ilimfika juu ya vifundo, kwa hiyo nikamwambia avae bugaluu yake mwenyewe, ile suruali pana chini. Akatoka pia na viatu vyake vya raizoni, soli nene vidole vinne. Nilikuwa nimelala kifudifudi mbele ya miguu yake, watoto wa mtaa wote wananitazama, Philbert alipopita. Alishuka kwenye baiskeli. Akauliza kwa adabu kama dada Ikupa sasa anapigia picha duka la viatu. Nikazungusha pete ya mbele. Nilikuwa kwenye hatua ya tatu.

Saa nne na dakika ishirini.

Jumanne, 15 Juni

Jua.

Nimekata kwa wembe kwenye mstari wa mkanda, nimegandisha kwa gundi ya ofisi, nimenakili. Mshono hauonekani. Naapa hauonekani!

Bi Nurbanu ameitoa picha kwenye maji akaitazama. Akauliza miguu hii ni ya nani. Nikasema ya ukoo. Akanionyesha kwamba kivuli cha uso kimelalia kushoto, na cha miguu kulia. Nikasema Iringa hakuna anayeangalia vivuli. Akakausha mikono taratibu akaniuliza kwa nini nisipige picha ndogo za kadi na vitambulisho. Kila wiki watu wanapanga foleni mlangoni kwake, wanataka kichwa na mabega basi, na lenzi hii kwa vichwa haina mpinzani mjini. Nikamshukuru. Sikusoma hadi kidato cha nne ili nipige vichwa.

Mzee Bartolomeo anasafiri kesho na bahasha. Hakutaka kuitazama picha. Alisema akiulizwa anataka aweze kuapa kwamba hajaiona.

Saa tatu na dakika hamsini. Nina usingizi mzuri.

Jumamosi, 19 Juni

Asubuhi angavu. Mlima wote wazi.

Naandika kwa mpangilio.

Saa kumi alasiri Mzee Bartolomeo ametokea njiani akitembea kama mtu anayepelekwa kituoni. Nyuma yake mwanamke mfupi mwenye shali la sufu na kikapu. Nyuma yake Roza, macho chini. Mwanamke akasema "Kamwene", salamu ya Kihehe, uani kwetu, akakataa kiti. Bi Kalista mwenyewe. Amepanda basi kutoka Iringa, amelala kwa ndugu njiani, kuja kuangalia miguu.

Sikujua jambo moja ambalo mshenga angeweza kunieleza. Bi Kalista ni fundi cherehani. Ameshona suruali za wanaume miaka ishirini na miwili.

Faustin alikuwa ameshuka tu kutoka basi la Tukuyu, begi bado mkononi. Hakujua lolote. Bi Kalista akatoa picha kikapuni, akaiweka mbele ya macho yake.

"Mwalimu, mwenye kiuno hiki hawezi kuwa na mapaja haya. Nieleze."

Faustin akaitazama picha. Akanitazama mimi. Nikaanza kueleza habari za pete ya shaba. Bi Kalista akaniinulia kidole kimoja. Akamwambia Faustin apandishe suruali.

Basi kaka yangu, mwalimu wa watu, akainama mbele ya uwanja mzima akakunja suruali hadi magotini. Miguu myembamba, wa kushoto una kovu. Bi Kalista akachutama. Akagonga ule wa kushoto kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Mara mbili. Kisha akaufinya.

Faustin akasema, "Aa, mama, unaniumiza."

Bi Kalista akainuka taratibu. Akamgeukia Roza. "Mti hausemi hivyo. Ni nyama. Nyembamba, lakini yake."

Roza akacheka huku analia. Faustin akasahau kushusha suruali.

Halafu shangazi akataka kujua miguu ya kwenye picha ni ya nani. Hapakuwa na haja ya kujibu. Ambrosi alikuwa ameegemea ukuta na raizoni zake, anatabasamu kama aliyetajwa redioni. Bi Kalista akamtazama kutoka chini kwenda juu, akasema bugaluu hiyo imeshonwa vibaya.

Posa imekubaliwa! Kwa masharti mawili. Dereva ajibiwe kwa heshima. Na picha za harusi apige mtu mwingine, yeyote yule, ila dada wa bwana harusi. Faustin alimwita Philbert kabla chai haijapoa. Philbert akapiga picha ya wote uani, amerudi hatua nane. Viatu vyote vimeonekana.

Saa tano kamili.

Jumapili, 20 Juni

Asubuhi ukungu mwepesi, jua kuanzia saa mbili.

Likizo inaisha leo. Nimepiga hesabu ya mambo yote kwa utulivu.

Bila picha yangu, Bi Kalista asingepanda basi. Asingepanda basi, asingegonga mguu. Asingegonga mguu, Roza angeolewa Nyololo. Kwa hiyo lenzi ndiyo iliyoleta uchumba huu. Nimemweleza Faustin. Ametoka kwenda kutembea.

Selestini amerudi kutoka msibani. Amesema nimwachie pete siku tatu aipeleke ikakerezwe. Siwezi kukaa siku tatu bila lenzi, nina kazi. Mchana Gideoni, nahodha wa timu ya mpira ya Iyunga, alikuja kuuliza kama ni mimi dada mwenye kamera. Wanataka picha ya timu kabla ya mechi ya Jumatano. Wachezaji kumi na mmoja wamesimama, jezi mpya, mguu wa kila mmoja juu ya mpira. Philbert hana nafasi hadi mwisho wa mwezi. Nimekubali papo hapo.

Nusu za juu kumi na moja nitazipata kesho jioni baada ya kazi, hatua mbili kwa kila mtu. Nusu za chini hazinisumbui. Ambrosi ameshasema yuko tayari kuvaa kaptura. Nitampiga mara moja, Bi Nurbanu atamchapisha mara kumi na moja.

Nalala saa nne na dakika tano.