Sugu za Kuazima

Jumanne, 27 Agosti 1974
Wimbo umekamilika! Unahusu heshima ya fundi wa paa. Niliutunga nimejilaza kibarazani, miguu juu, chai ya barafu ubavuni. Mistari miwili ilinitoa machozi. Bendi ya Bi Verlene haina mwimbaji tangu Juni. Nafasi hiyo ni yangu. Bi Verlene akasikiliza, akasema gitaa limenoga. Ila mchaguzi si yeye. Mafundi wa paa watakula kwake Jumatatu, Sikukuu ya Wafanyakazi ya huku Marekani, na wao ndio watakaoamua nani aimbe: mimi au Hoyt Scoggins. Hoyt ni fundi wa paa. Upendeleo mtupu.

Jumatano, 28 Agosti
Tatizo. Mafundi humpa kila mtu mkono kabla ya kula. Sugu zangu ziko kwenye ncha za vidole vya kushoto tu, za gitaa. Viganja ni laini kama siagi. Nimevisugua kwa tofali dakika arobaini. Sugu hakuna. Damu ipo.

Ijumaa, 30 Agosti
Mbinu bora: lami. Nikapaka viganja vyote viwili, nikajaribu wimbo. Mkono wa kushoto ukaganda kwenye shingo ya gitaa. Mama alininasua kwa mafuta ya taa, huku akiuliza mtu wa miaka thelathini na minne anatafuta nini duniani. Wasanii hatujibu.

Jumamosi, 31 Agosti
Hoyt kapita na lori, akanikuta kibarazani nikiimba wimbo wangu. Eti nipande naye paa la kanisa nusu siku tu, wimbo utakaa sawa. "Twende, Delbert, ngazi haiumi mtu." Nikasema mgongo unanisumbua. Wivu wake uko wazi.

Jumatatu, 2 Septemba
Mbavu za nguruwe, mkate wa mahindi, mafundi arobaini. Mikono yangu, bado ina madoa ya lami, ilipita salama. Mmoja tu aliuliza kama natoka kutengeneza gari. Ubeti wa kwanza: wanatafuna kwa heshima. Ubeti wa pili, shujaa wangu anapigilia vigae kuanzia kileleni, anashuka hadi ukingoni. Mzee Purvis, fundi mkongwe, akarudisha ubavu wa nguruwe sahanini. Akauliza mvua ikinyesha, mwenye nyumba hiyo analala ndani ya beseni? Vigae, akasema, huanzia chini, cha juu kikalalia cha chini, maji yateleze. Mwingine akapaza sauti: "Teremka, mwanangu, usije ukaanguka!" Meza zote kicheko.

Hoyt akaomba ruhusa, akaimba wimbo wangu huohuo, kutoka ukingoni kwenda kileleni. Wakasimama. Mzee Purvis akafuta macho kwa kofia. Nafasi kaipata Hoyt. Akatangaza kuwa mtunzi ni Delbert Pruitt. Unafiki!

Jumanne, 3 Septemba
Jana usiku Bi Verlene kasema nikifanya kazi na Hoyt wiki moja, nitapiga gitaa la pili. Leo lori la Hoyt lilipiga honi saa kumi na mbili asubuhi. Nikajifunika shuka. Likapiga tena. Nani anataka gitaa la pili? Wachimba visima wana sherehe yao Oktoba, na wimbo wao nimeshauanza. Safari hii sikosei: shujaa wangu anaanza kuchimba kule chini kabisa, anapanda polepole hadi juu.