Spea ya Kwenda Nayo Ukweni

Jumanne, 10 Juni 2025

Baridi. Upepo wa Katandala umeingia chini ya mlango na haujatoka tangu asubuhi. Mke wangu Kristiana ana siku ishirini na tatu kwao Mwimbi. Chanzo ni maksai. Niliwauza wote wawili bila kumwambia, nikanunua gari-nyumba kwa wazungu wawili wazee waliochoka na safari hapa Sumbawanga. Lina kitanda, jiko, sinki na mapazia. Nitawapeleka maharusi kwenye maporomoko ya Kalambo, walale humo humo. Kristiana aliuliza tutalimia nini. Swali la mtu asiyeona mbali.

Leo baba mkwe, mzee Fransisko, kapiga simu. Kikao ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Nifike mwenyewe, nikiri kosa mbele ya wazee, nimchukue mke wangu. Nisipofika, watajua nimemwacha. Nilimwamkia mara tatu kwa woga.

Nitakwenda na gari-nyumba. Wakiliona watanielewa. Tatizo matairi. Manne yamechanika mbavu, na spea haipo kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Milanzi, kwa Bertilla muuza matairi. Mama mnene, mkali, mikono myeusi. Alilizunguka gari akasema matairi haya hayakuisha kwa kutembea, yamekufa kwa kusimama. Mpira ukizeeka ni kama maharage ya mwaka juzi, kwa macho ni mazima, chunguni hayaivi. Akasema gari hili hata likiwa tupu limebeba nyumba, kwa hiyo linataka matairi ya mzigo, matano ya aina moja, spea ikiwemo. Alikuwa nayo. Imara, lakini yamepauka. Nikauliza kama yanaweza kung'aa. Akajibu kwamba tairi haliendi kupokea komunyo.

Nikatafakari. Nani huinama kuangalia uvunguni mwa gari la mkwe? Hakuna. Lakini spea ya gari hili inaning'inia nyuma, mbele ya macho ya watu wote. Uamuzi wangu: spea iwe tairi la mzigo, jipya kabisa, moja linalong'aa ambalo Bertilla alikuwa ameliweka dirishani. Chini nikafunga manne ya gari dogo kutoka kwa jamaa wa kando ya barabara. Ringi ileile, na yamepakwa dawa yanang'aa sana. Bertilla alipojua nachukua moja tu, na linakokwenda, alichukua kalamu. Kisha akaandika kwenye risiti, kwa herufi kubwa: MTEJA AMEELEZWA.

Ijumaa, 13 Juni

Kaja Dominiko. Ni mwanyumba wangu, amemuoa mdogo wake Kristiana. Hajawahi kununua kitu zaidi ya ng'ombe na pikipiki, na mama mkwe anampenda kupita kiasi. Kesho naye anakwenda Mwimbi. Akaniambia nipande nyuma yake, saa tatu tutakuwa tumeshafika. Mimi? Niingie ukweni nimekumbatia mgongo wa Dominiko?

Akauliza kwa nini tairi zima linaning'inia na mabovu ndiyo yanayotembea. Nikamwambia hayo ni mambo ya heshima. Jenifa fundi cherehani amenishonea kava jeupe la spea, lina maandishi ya uzi mwekundu: FAMILIA YA FLAVIAN. Nimejaza tangi la maji mpaka juu ili mkwe aone sinki linavyotoa maji. Nimepakia magunia manne ya ulezi, zawadi ya kuombea radhi. Gari limeinama kidogo. Limetulia, nadhani.

Jumamosi, 14 Juni

Niliondoka saa moja. Lami ilikwenda vizuri. Lami ilipoisha, saa mbili na nusu, tairi la mbele kushoto lilipasuka. Mlio mpaka kwenye meno! Ubavu wote wazi, si wa kuziba.

Nikazunguka nyuma, nikaitazama spea. Nyeupe, safi. Nikiifunga, nitafika na chuma kitupu nyuma na tairi jipya limejaa vumbi. Nikakaa kwenye ngazi kungoja gari la kuazima tairi. Hakuna gari.

Dominiko akatokea. Akasema tufunge spea, yeye atapiga jeki. Nikakataa. Akasema basi nipande pikipiki. Nikauliza nani atalinda gari. Akasema atalilinda yeye, nichukue pikipiki niende peke yangu, wazee wananingoja. Hapo ndipo nilipomshtukia. Anataka watu wapite wamkute kwenye gari langu! Nikakataa. Akawasha pikipiki, akaondoka taratibu.

Saa sita nikasalimu amri, nikaifunga spea. Kilomita moja mbele, tairi la nyuma likapasuka. Sikuwa na la kubadilisha. Nimeshinda hapo. Sinki linatoa maji vizuri.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kwa miguu. Mwimbi nimefika watu wanatoka misa. Mzee Fransisko alipokea salamu yangu akatazama pembeni. Wazee walikaa mpaka jioni jana, wakatawanyika. Mama mkwe akaniambia Kristiana alifunga mzigo wake tangu alfajiri, akavaa kitenge kipya, akakaa mlangoni siku nzima. Kila mlio wa gari alisimama.

Kristiana aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli nilikuwa na tairi zima na nikaliacha linaning'inia. Nikasema ndiyo, kwa heshima yake. Akaingia ndani akaanza kufungua mzigo. Nilimsikia akitoa kitu kimoja kimoja. Niliumia. Sina namna nyingine ya kuandika.

Mzee katoa nafasi ya mwisho, Jumamosi hii, tarehe 21. Kristiana alinisindikiza mpaka njia panda. Akasema nije hata kwa miguu, nije na mdomo wa kuomba radhi tu, yeye atabeba mzigo wake mwenyewe.

Jumanne, 17 Juni

Nyumbani. Gari bado liko pale lilipokwama. Nimefikiri siku mbili. Maneno ya Kristiana ni ya upole, lakini nimeishi naye miaka kumi na moja, najua anachomaanisha. Hataki nije kinyonge. Kosa langu lilikuwa spea moja. Gari la hadhi hii linataka spea mbili, moja ya kutembelea na moja ya kuonekana.

Bertilla anasema mzigo mpya unaingia Jumatatu, tarehe 23. Nimempigia mzee Fransisko kumwomba asogeze kikao wiki moja mbele. Kisha akaniuliza kama nilimsikia vizuri mke wangu pale njia panda. Nikamjibu nilimsikia sana, ndiyo maana ninajiandaa. Akakata simu. Nimechukulia kwamba amekubali.