Mnazi Wenye Haya

Jumatano moja, sokoni Tengeru, Sefu Kombo alimwona mzee mwenye koti la sufu na viatu vya ngozi akitoa beberu mzima, mwenye ndevu na afya tele, na kupokea nazi moja iliyochipua. Nazi yenyewe ilikuwa na majani mawili, na moja lilikwisha kuungua kwa baridi. Mzee aliikumbatia kama mjukuu, akaondoka nayo.

Sefu aliweka kikombe chini.

"Yule nani?" akamuuliza mwuza chai.

"Mzee Aminiel wa Nkoaranga. Tajiri wa kahawa. Mwaka juzi alikwenda Tanga na wenzake wa chama cha ushirika, akaona minazi, akarudi si yule tena. Amefyeka nusu ya migomba ya mkewe apande mitende, mivumo, mikindu, chochote chenye majani ya kuchanika. Inakufa kwa baridi, anapanda mingine. Siku hizi tunamwita Mzee Makuti."

"Na mkewe anasemaje?"

"Mama Eunike? Hasemi. Anatazama tu."

Sefu alipaswa kulisikiliza vizuri hilo jibu la mwisho, lakini moyo wake ulikwisha kuanza kupanda mlima.

Huyu Sefu alikuwa mtu wa pwani kwa mdomo tu. Alizaliwa Kondoa, akakulia Kondoa, na bahari aliijua kwa picha ya kalenda iliyotundikwa dukani kwa Mhindi. Lakini Arusha ya miaka ile, Mwingereza akiwa bado amekaa Boma na bei ya kahawa imepanda mpaka wakulima wa Meru wanavaa viatu hata siku za kazi, mtu wa pwani alisikilizwa. Basi Sefu alivaa kanzu, akalainisha maneno, akasema kwao ni Pangani. Hakuna aliyemdai ushahidi. Mkewe Nusura, fundi cherehani wa Kaloleni, ndiye aliyekuwa akiwalisha wote wawili, jambo ambalo Sefu hakupenda litajwe mbele za watu.

Kesho yake alipanda Nkoaranga akiwa amebeba kitu kirefu kiasi cha mkono, kimesimama ndani ya debe la udongo, kimefunikwa blanketi jekundu mpaka chini. Ndani ya blanketi mlikuwa na kipande cha mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umebeba nini?"

"Mzee, usiutazame!" Sefu akaruka mbele ya debe kama anayemkinga mwari. "Nisamehe kupaza sauti. Huu ni mnazi wa Ngazija. Mnazi wenye haya. Ukitazamwa na jicho la binadamu kabla haujabalehe, unakauka kwa aibu. Ndiyo sababu hujapata kuuona mahali popote."

Mzee Aminiel alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, na waaminifu hufikiri polepole.

"Hilo ni kweli," akasema. "Sijapata kuuona mahali popote."

"Umeona sasa!"

"Na baridi yetu hii?"

"Baridi ndiyo dawa yake. Mwenye haya hupenda kujifunika, na wapi mtu atajifunika bila kuonekana mwendawazimu kama si kwenye baridi?"

"Hilo nalo ni kweli. Na wewe uliuchimbaje bila kuutazama?"

Swali lilikuwa zuri, na mtu mwingine angejikwaa. Sefu aliinamisha kichwa kwa huzuni.

"Alinichimbia kipofu, mzee. Kipofu wa Pangani. Mungu amweke pema, alikuwa na mikono ya ajabu."

Mzee Aminiel akavua kofia kwa heshima ya kipofu yule. Hapo Sefu alijua biashara imekwisha, kilichobaki ni bei. Alieleza masharti: maji kidogo asubuhi na jioni, mwenye kumwagilia afumbe macho, na kabla ya kukaribia apige hodi. Kisha akataja alichotaka. Alitaka mtamba mwenye kipaji cheupe aliyekuwa akila majani nyuma ya jiko.

Mtamba yule alikuwa wa Mama Eunike. Aliletewa na kaka zake wa Poli. Lakini Mzee Aminiel alikuwa na uchu wa mnazi machoni, na mwanamume akiwa katika hali hiyo hakumbuki zawadi ya nani ni ya nani. Mama Eunike alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamtazama mtamba wake akishushwa mlimani kwa kamba, akamtazama Sefu kuanzia kofia mpaka makubazi, akarudi jikoni.

Sefu alimwuza mtamba kwa mfugaji wa Tengeru kabla jua halijazama, akanunua baiskeli yenye kengele mbili. Nusura alipouliza imetoka wapi, aliambiwa, "Biashara ya miti." Hakuuliza tena, ila siku ile alihamisha akiba yake ya shanga na vitambaa kwenda kwa jirani.

Miezi miwili ikapita. Sefu alikwisha kuusahau mpini wake, mpaka aliposikia wanawake waliokuja kupima magauni wakiongea barazani.

"Umefika juu ya paa la jiko, nasikia."

"Dada yangu aliuona. Yaani hakuuona, aliupa mgongo. Anasema ukisimama karibu unasikia unapumua."

"Mti gani huo?" Sefu akauliza.

"Mnazi wa Mzee Makuti, wa Nkoaranga! Blanketi halikutosha, sasa wameufunika turubai. Watu wanatoka Machame kwa miguu kuja kuupa mgongo."

Sefu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Usiku hakupata usingizi, na asubuhi akapanda baiskeli.

Ilikuwa kweli. Katikati ya bustani ya Mzee Aminiel, kati ya mitende iliyodumaa na mivumo iliyonyauka, kulikuwa na kitu kirefu kuliko watu wawili, kimefunikwa turubai, kimetanuka juu kama kilichofungua makuti. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama kimya, wote wamekipa mgongo, kofia mikononi. Mzee Aminiel, macho yamefumbwa na ndoo mkononi, alikuwa akisogea kwa kupapasa. "Hodi, hodi, mwanangu," alisema. Akakosea njia, akammwagilia mgeni mmoja wa Machame, ambaye aliona ni baraka akashukuru.

Kabla Sefu hajafunga mdomo, gari lilisimama barabarani. Akateremka Bwana Reginald, Mzungu wa Usa River, mstaafu mwenye miguu mirefu na bustani ya aina hamsini na moja za michikichi na mitende, kila mmoja na kibao chake cha bati. Mzungu yule alivuka lango kinyumenyume, akapita kati ya watu kinyumenyume, akakanyaga kuku, akasimama hatua tatu kutoka kwenye turubai.

"Mzee," akasema akitazama upande wa barabara, "mimi taka mti hii. Mimi toa ng'ombe kumi. Na toa lori ya zamani."

"Mtoto hauzwi, bwana," akajibu Mzee Aminiel.

"Mimi rudi tena. Jumamosi."

Akaondoka. Kwa kuwa sasa alikuwa akitoka, alitembea kawaida, uso mbele.

Ng'ombe kumi na lori! Sefu alihesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe alichomeka mpini wa jembe. Alijua, aliukata kwa mikono yake. Lakini mpini wa mti gani? Hakujua. Aliuokota nyuma ya nyumba ya jirani, ambaye marehemu mumewe alikuwa baharia. Mabaharia hufika Ngazija. Tena yeye Sefu ndiye aliyesema kwamba mnazi wa namna hiyo upo, na je, maneno yale yalitoka wapi? Mtu hawezi kubuni kitu kizuri namna ile hivi hivi tu. Msimulizi hana haja ya kuongeza neno hapa, ila kusema kwamba Sefu, aliyewadanganya watu wa wilaya mbili, siku hiyo alikutana na mtu asiyeweza kumkatalia lolote, yaani yeye mwenyewe.

Alimfuata Mama Eunike jikoni. Mama alimkaribisha, akampa bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando.

"Mama, mti ule umekua vibaya," akasema Sefu. "Mizizi yake huvunja nyumba. Kwa usalama wenu, niko tayari kuurudisha."

"Mzee hatakubali."

"Ukimwambia wewe, mama?"

Mama Eunike alikoroga chungu chake kwa muda mrefu.

"Labda nikiwa na mtamba wangu wa kipaji cheupe," akasema. "Na baiskeli, maana Mzee miguu inamwuma. Na nasikia mkeo ana cherehani."

"Cherehani ni ya shangazi yake, mama. Alimwachia."

"Basi, kula loshoro yako, mwanangu. Jumamosi Mzungu atakuja."

Nusura juma lile alikuwa Kondoa kumwuguza mama yake. Sefu alimkomboa mtamba kwa yule mfugaji kwa akiba yake yote pamoja na kanzu mbili, akamsindikiza mlimani. Siku ya pili akapeleka baiskeli. Siku ya tatu, bila kuitazama sana, akafunga cherehani kwenye gunia.

Mama Eunike alipomwambia kwamba mti lazima uondoke, Mzee Aminiel alilia. Hakulia kwa ujanja, alilia kweli, machozi yakilowesha koti la sufu. Alipiga hodi mara ya mwisho, akaliegemea turubai. "Nenda, mwanangu," akasema. "Huko Usa River kuna joto kidogo, ila wewe jifunike." Sefu alipoona machozi yale, shaka yake ya mwisho ilikufa. Nani anayelilia mpini?

Aliukodia gari la ng'ombe. Na hapa ndipo aibu inapomshika hata msimulizi: wakati wa kuung'oa, Sefu alifumba macho. Njia nzima kutoka Nkoaranga mpaka Usa River alikaa mbele, akaupa mgongo, na kila gari liliporuka kwenye shimo alisema, "Pole."

Bwana Reginald, aliyekwisha kupelekewa habari na Sefu, alimpokea langoni akiwa amevaa tai.

"Leo wageni wangu kuja," akasema. "Wazungu ya Moshi, wazungu ya Nairobi, Bwana Shamba mkubwa. Saa kumi. Lakini mimi na wewe ona kwanza. Mti hii sasa mtu mzima. Fungua."

"Bwana, tupige hodi."

Wakapiga hodi, wote wawili. Kisha Sefu akakata kamba, turubai likaanguka.

Ilikuwa mipini minne ya majembe, imeungwa kwa maganda ya migomba. Juu kabisa kulikuwa na mwavuli mweusi uliovunjika mbavu, umefunguliwa wazi, na soksi moja ya sufu imefungwa kwenye ncha yake, sijui kwa sababu gani.

Bwana Reginald alizunguka mara moja. Aligusa soksi. Uso wake ulibadilika rangi kutoka wekundu kwenda wekundu mwingine. Alifungua kinywa kuita askari, na ndipo zikasikika honi. Magari matatu yalikuwa yakiingia bustanini.

Bwana Reginald aliwatazama wageni. Alivitazama vibao vyake hamsini na moja vya bati, na cha hamsini na mbili, kipya, kilichokwisha kuandikwa.

"Funika," akanong'ona.

"Bwana?"

"Funika upesi, wewe shetani!"

Wakafunika. Wageni walifika, wakaambiwa masharti, wakageuka wakaupa mgongo. Bibi mmoja wa Nairobi alisema anasikia unapumua. Bwana Shamba mkubwa aliandika kwenye daftari. Walipokwenda kunywa chai, Bwana Reginald alimvuta Sefu nyuma ya mtende akamweleza mambo mawili: upande mmoja kuna jela ya Boma, upande wa pili kuna kazi ya kulinda mnazi, mshahara wa mtunza bustani wa chini kabisa, chumba nyuma ya banda la kuku. Ng'ombe kumi na lori havikutajwa. Sefu akachagua kuku.

Nusura aliporudi na kukuta meza tupu, hakulia. Aliuliza habari, akapanda Nkoaranga kwa miguu. Cherehani ilikuwa sebuleni kwa Mama Eunike, imefutwa vumbi, imetiwa mafuta.

"Nilikuwa nakungoja," akasema Mama Eunike. "Hii haikuwa yake kuitoa. Chukua."

"Mama, ulifanyaje?"

"Siku ya kwanza tu nilifunua nikaona mpini. Mpini naujua, nimeushika miaka thelathini. Basi kila Mzee alipokwenda kwenye baraza la kanisa, niliongeza mwingine."

"Na yeye ulimwambia?"

Mama Eunike alitazama nje, ambako mumewe alikuwa akijifunza kupanda baiskeli kati ya mitende, akipiga kengele zote mbili.

"Nimwambie nini?" akasema. "Amefurahi."

Jumapili baada ya ibada, Mzee Aminiel hushuka Usa River kumtembelea mwanawe. Jumapili moja alimkuta Sefu peke yake penye turubai, amevaa kaptura ya kazi, mikono ina sugu. Mzee alimletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kwa kuwa alisikia kijana analala karibu na kuku. Sefu alikunywa, akakirudisha kibuyu kwa mikono miwili.

"Mzee," akasema, "nisikilize. Humu hamna mti. Hapajawa na mti. Ni mipini ya majembe na mwavuli. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli tangu aache Kondoa, na maneno yalimtoka kwa shida.

Mzee Aminiel alimtazama kwa huruma nyingi. Akamwekea mkono begani.

"Kijana," akasema kwa sauti ya chini, "usiseme hivyo karibu nao. Utakusikia."