Taa ya Chaji kwenye Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 10 Juni 2024
Taa ya chaji imewaka tena kwenye dashibodi. Wiki hii hasa! Jumamosi gari hili la Pijo linambeba Asteria, binti wa marehemu kaka yangu, kutoka hapa Nyahanga hadi kanisani Tinde. Hataki gari jingine. Anataka afike ndani ya gari la baba yake. Shemeji Deusdedit, mume wa dada yangu na mwenyekiti wa kamati ya harusi, alishajitolea kutoa gari lake la Noah. Nikasimama kikaoni nikasema Pijo ni zima kabisa. Wakanipigia makofi.

Jumanne, 11 Juni
Kwa Bhoke, fundi umeme wa magari. Kaweka mita kwenye betri injini ikiunguruma: volti kumi na tatu. Kaniambia niwashe taa kubwa. Ikashuka hadi kumi na mbili. Inatakiwa ikae karibu na kumi na nne, kasema. Kaboni za altaneta, ile inayochaji betri, zimeisha, niliache gari hadi Ijumaa. Haiwezekani. Alhamisi kamati inakagua magari. Likikutwa gereji, Deusdedit atanicheka mpaka Krismasi. Nimesema nitarudi.

Alhamisi, 13 Juni
Akili imenijia asubuhi. Nimefungua dashibodi, nimeing'oa balbu ya ile taa. Deusdedit kachungulia, kaguna, kapitisha. Ushindi. Kisha Asteria kaja kupangusa kiti cha nyuma. Kasema hapo ndipo alipokuwa akikaa yeye, baba yake akimpeleka shule. Nimejifanya natafuta spana.

Jumamosi, 15 Juni
Sijui nianzie wapi.
Msafara ulitoka vizuri. Kama ilivyo desturi: taa kubwa, hazadi, honi, redio juu. Tulipokaribia Isaka honi ikaanza kukohoa. Redio ikanyamaza. Injini nayo ikazima, katikati ya malori. Madereva wakashuka kumtazama bibi harusi.
Deusdedit kaleta waya, kanibusti kwa betri ya Noah. Pijo likawaka. Kwa furaha nikawasha taa zote tena na kupiga honi. Hatukufika mbali.
Deusdedit kamwomba Asteria ahamie kwenye Noah. Kakataa. Kasema kama ni kuvutwa, avutwe. Wakafunga kamba nyuma ya Noah, dada zake Asteria wakaipamba kwa maua. Nikaingia Tinde nimeshika usukani wa gari lililokufa, watu wakipiga vigelegele. Padri alikuwa mlangoni anatazama saa.
Asteria kaniinamia sikioni kabla ya kushuka. Kaniambia, "Baba mdogo, asante, umenifikisha." Afadhali angenitukana. Ukumbini nimekula nimegeukia ukuta.

Jumatatu, 17 Juni
Gereji. Bhoke kasema gari la zamani kama hili, umeme wa kuiamsha altaneta hupitia kwenye ile balbu. Bila balbu haichaji hata kidogo. Basi hata zile volti chache nilizokuwa nazo nilizizima kwa mikono yangu. Bhoke kauliza nani kaing'oa. Nimesema labda panya. Kauliza panya gani ana bisibisi. Nimeangalia viatu vyangu mpaka akamaliza kazi. Kaboni mpya, balbu mpya. Taa zote zikiwaka, mita inasoma kumi na nne. Nimejiapia kutosema uongo tena kuhusu gari hili.

Jumatano, 19 Juni
Asteria kapita na mumewe. Mume anafanya kazi machimboni Geita na kesho wanahamia huko. Deusdedit katoa Noah, lakini Asteria anataka Pijo. Kaniuliza taratibu, mbele ya mumewe, kama litafika. Machozi yalinilenga. Kanisamehe, mtoto huyu. Nimemjibu ni zima kabisa.
Kaniachia picha ya harusi, yeye akicheka dirishani, kamba ya maua mbele. Nimeibandika kwenye dashibodi. Imekaa vizuri sana. Imeifunika yote geji ya joto la injini, ambayo tangu jana inapanda hadi kwenye nyekundu.