Blanketi la Friji

Jumatatu, 16 Novemba

Baba Watoto ametoa hukumu wakati wa chai. Amenunua umeme wa kutufikisha mwisho wa mwezi, akauingiza kwenye mita mbele yetu sote, akakohoa kama hakimu. Huu ukikata kabla ya mwezi kuisha, friji inaondoka. Inakwenda kwa dada yake. Eti ndiyo inayotunyonya.

Friji yangu! Niliyoinunua kwa kufua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka! Barafu ninazofunga kwenye vifuko na kuwauzia watoto wa shule ndizo zinazomsomesha binti yetu mkubwa. Sare, madaftari, masomo ya jioni, vyote vimetoka humo. Nikamwuliza Baba Watoto, friji ikiondoka mwanangu atasomeshwa na nini, na redio yako? Akasema wapo watu wanaishi bila barafu. Nikasema wapo pia wanaoishi bila waume. Akamalizia chai yake kwa mkupuo mmoja.

Haya. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kubana matumizi sikufundishwa na mwalimu. Umeme huu utafika mwisho wa mwezi na chenji utabakiza.

Jumanne, 17 Novemba

Nimeanza na taa. Nimefungua balbu zote nikazificha kwenye sufuria kubwa. Imebaki moja tu, ya sebuleni. Nikatangaza: anayekula, anayesoma, anayegombana, wote chini ya balbu hiyo. Mapacha wetu wadogo wamefurahi, wanadhani ni mchezo.

Baba Watoto hakufurahi. Aliingia bafuni gizani akapiga mswaki kwa dawa ya kuchua misuli. Akatoka mbio, ulimi nje, anaupepea kwa mkono. Sikumcheka. Nilikwenda jikoni kwanza, ndipo nikacheka. Niliporudi nikampa pole, nikamwambia angalau ulimi wake sasa hautakuwa na maumivu ya misuli. Amenitazama vibaya. Kisha akaenda mwenyewe kwenye sufuria akachukua balbu ya bafuni.

Balbu moja si kushindwa.

Alhamisi, 19 Novemba

Pasi. Adui wa pili. Inakula umeme kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Nimeipiga marufuku.

Jana sare ya binti niliinyunyizia maji kidogo, nikaitandaza chini ya godoro letu, tukailalia. Mimi na Baba Watoto kwa uzito si haba. Mpango haukuwa na kosa. Wenye kosa ni chaga za kitanda. Asubuhi sare ilikuwa na mistari minene kutoka shingoni hadi pindoni. Nikamwambia binti atembee tu, upepo utainyoosha.

Haukuinyoosha. Shuleni wamemwita Bati. Amerudi machozi yanamlengalenga. Moyo ulinikatika! Nikamkumbatia, nikamwambia mistari ile ni heshima, mama yake anaipigania shule yake. Akasema, mama, pigania, lakini na mimi nipigwe pasi.

Nimempigia. Sare hiyo moja tu, haraka haraka, jicho moja kwenye mita. Kile kitaa chake chekundu, kinachopepesa kila umeme unapolika, kilipepesa kama kinanisuta. Nikakikunjia uso.

Jumamosi, 21 Novemba

Wifi amekuja kutusalimia. Salamu gani zinazokuja na simu mbili na kile kidude cha kuhifadhia chaji? Kabla hajauliza hali ya watoto alikuwa ameshachomeka vyote vitatu.

Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kupima friji yangu. Upana. Urefu. Kipimo kilipoishia akafunga fundo. Nikamwuliza, wifi, unaishonea gauni? Akasema ninune nisinune, nimnunie nisimnunie, kwenye kibanda chake cha soda ameshaitengea nafasi. Pembeni kushoto, karibu na dirisha. Mwanamke ameshaipangia na dirisha!

Nikachomoa vidude vyake vyote, nikamkabidhi mkononi. Baba Watoto akasema nimpe dada yake heshima yake. Nimempa. Heshima, chai na kiti chenye mto. Umeme sikumpa.

Jumapili, 22 Novemba

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa nachambua mchele, ghafla nikakumbuka mabonge ya barafu ya sokoni nilipokuwa mdogo. Yalikuwa yanazungushiwa magunia, jua kali, na hayayeyuki. Kwa nini? Baridi ilizuiwa kutoka! Na friji yangu masikini inakaa uchi jikoni, baridi inavuja pande zote. Ndiyo maana haishibi.

Nimechukua blanketi la mapacha. Nimeizungushia, nikakaza kwa kamba ya kuanikia, nikaacha mlango tu. Kisha nikaisukuma ikagandana na ukuta ili na nyuma pasivuje. Imependeza. Imekuwa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Binti akasema, mama, mwalimu wa sayansi alituambia kuhusu friji. Nikamwuliza huyo mwalimu ana friji? Akasema hana. Basi.

Jumatano, 25 Novemba

Friji inaimba. Zamani ilikuwa inanguruma kidogo, inanyamaza. Sasa inanguruma mchana kutwa, haipumziki. Furaha hiyo! Hata mimi nikivaa vizuri huwa naimba.

Barafu ndizo zilizolegea kidogo. Watoto wa shule wamenilalamikia, wanasema wananyonya maji matamu. Nimewaambia ni aina mpya, ya wenye meno ya kung'oka. Mmoja akasema meno yake yote yapo. Nikamwambia asubiri.

Nimepitisha mkono nyuma ya blanketi. Moto! Kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Nikaelewa palepale: joto la jikoni linapenya. Blanketi moja halitoshi. Nimeongeza letu la kitandani, na juu yake gunia. Baba Watoto ameuliza yeye atajifunika nini. Nimemwambia ajifunike hukumu yake.

Kitaa cha mita kinapepesa bila kupumua. Kinanitia wasiwasi tu. Nimekitundikia kalenda.

Ijumaa, 27 Novemba

Umeme umekata.

Kumbe mita ilikuwa inalia tangu jana, tii, tii, tii. Nilidhani ni nyenje nyuma ya kalenda. Nikaipiga kalenda kwa kandambili, mara mbili.

Baba Watoto hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliitoa kalenda ukutani, akaweka kidole kwenye tarehe ya leo, akanionyesha. Kisha akampigia simu dada yake. Nikasikia wifi anashangilia hadi huku nje ya simu.

Nikasimama mbele ya friji, mikono kiunoni. Nikasema anayeitaka anipitie mimi kwanza. Hapo binti akaja akanishika mkono, akasema polepole, mama usijali, masomo ya jioni nitaacha, nitasoma na wenzangu. Hilo ndilo lililonichoma. Mtoto ananibembeleza mimi! Nimemwambia haachi kitu. Friji hii ikitoka, itatoka nami nikiwa ndani, kwenye rafu ya mboga.

Jumamosi, 28 Novemba

Wifi amefika na msafara. Mwenye mkokoteni, kamba, na fundi wa friji wa kuikagua, maana yeye hachukui kitu kibovu. Baba Watoto alikuwa amenunua umeme kidogo tangu alfajiri, friji ikanguruma, ili fundi aijaribu.

Nilikuwa nimeweka kiti mbele ya friji, nimekaa. Wifi akasema, wifi yangu, tusiaibishane. Nikamwambia atangulie yeye. Lakini fundi akainama kidogo, akasema shikamoo mama, samahani, naomba nipite. Nikampisha. Nimeipisha adabu yake, sikumpisha wifi.

Akafungua kamba. Akatoa gunia. Akatoa blanketi. Akatoa blanketi jingine. Akauliza kama humo ndani kuna mgonjwa. Mwenye mkokoteni alicheka mpaka akakaa chini.

Fundi akatueleza. Friji inatoa joto ndani na kulitupa nje kupitia mgongoni. Ukiufunika, joto halina pa kwenda, mashine haipumziki, na umeme unalika maradufu. Akaugusa mgongo akarudisha mkono haraka. Akasema mashine hii imechemka sana, yeye hawezi kumwahidi mtu kama itaishi mwaka au wiki.

Wifi akarudi nyuma hatua moja. Kisha nyingine. Akasema yeye ni mfanyabiashara, hauguzi. Baba Watoto akamwuliza, si umeshapima? Wifi akafungua lile fundo la kitambaa, akajifunga kichwani, akatoka. Mkokoteni ukamfuata mtupu.

Friji imebaki! Binti ameruka hadi mapacha wakaruka naye bila kujua sababu. Fundi akaivuta mbali na ukuta, akasema iachwe wazi nyuma, huenda ikapona kabisa, na itakula umeme kidogo tu. Baba Watoto amekuna kichwa, akanipa mwezi mmoja wa mwisho.

Sasa naomba kuuliza, nani ameiokoa friji hii? Redio? Blanketi! Bila blanketi ingekuwa saa hizi pembeni kushoto, karibu na dirisha.

Jumatatu, 30 Novemba

Fundi ni mtu wa kweli. Friji inanguruma kidogo, inanyamaza. Barafu ngumu kama kokoto. Watoto wamenunua zote, yule mwenye meno yote akanunua tatu. Binti amekwenda masomo yake ya jioni anapiga mluzi. Nilimwangalia mpaka alipokata kona.

Ila kuna jambo moja fundi alilisema akalipita, mimi nimelishika. Joto linatupwa. Kutwa nzima! Bure! Sisi tunanunua joto la pasi, huku friji inalimwagia ukuta. Watu wamesoma, lakini hili hawakuliona.

Tangu jana mvua haikatiki. Mablanketi niliyofua bado yanachuruzika, na sare ya kesho mbichi. Nimefunga kamba nyuma ya friji. Sare nimeianika katikati, soksi pembeni, na mablanketi yote mawili juu yake, yamekaa vizuri, yamegusa mgongo wote. Nikaisukuma ukutani kidogo ili yasidondoke.

Baba Watoto amesimama mlangoni, amefungua mdomo. Nikamwahi. Nikamwambia hapa hakuna aliyefunika kitu, hapa tunaanika. Ameufunga.

Friji imeanza kuimba tena, kwa nguvu. Nimemwambia asikilize ilivyofurahi.

Kesho ni Desemba. Nimegeuza ukurasa wa kalenda, nikaitundika tena juu ya mita.