Mungu Kabla ya Wakati Wake

Siku ya Mirihi, Machi 9
Kiti kimoja cha ukuhani wa Kaisari kiko wazi hapa Puteoli. Hilaro, muuza mchuzi wa samaki, anakimezea mate. Hakipati ng'o! Leo bandarini baharia kaninong'oneza: Kaisari amekufa. Mjini hajui mtu ila mimi. Kaisari akiwa hai ni mwana wa mungu. Akifa ndipo anakuwa mungu mwenyewe. Basi mimi, Eukarpo, nitakuwa wa kwanza kumwita hivyo, na kiti kitakuwa changu. Nimeshamwita mchonga mawe. Mke wangu Kaliste kasema tungoje habari rasmi. Mwoga huyo!

Siku ya Utaridi, Machi 10
Tayari! Chini ya sanamu ya Kaisari pale sokoni: MUNGU, herufi kubwa kama mikate. Nimefukiza ubani, nimelia kwa sauti. Hilaro kanuna. Roho yangu kwatu.

Siku ya Mshtarii, Machi 11
Nimekwisha! Tarishi kafika kutoka Roma. Kaisari mzima, alikula chaza wabovu tu. Na mimi nimeshamtangazia kifo sokoni! Hapo shingo haibaki. Nikaifunika sanamu kwa gunia. Hilaro akapayuka eti namvika Kaisari sanda. Nikalivuta gunia mbio. Nikashika patasi nifute. Akawauliza watu kama wameona, namvua Kaisari uungu! Patasi ikanidondoka. Naandika nikiwa mahabusu.

Siku ya Zuhura, Machi 12
Mbele ya hakimu. Hilaro kadai kichwa changu. Kaliste akajitokeza, akamwuliza hakimu kwa heshima: mheshimiwa, hukumu hii itafika Roma, utamwandikia Kaisari kwamba mume wangu kakosea kumwita mungu? Hakimu akajifuta jasho. Akatazama mlango. Akaniachia, na kiti akampa Hilaro ili yaishe. Nimelia begani kwa Kaliste, nikamwapia: habari sitaitangulia tena maisha yangu yote.

Siku ya Zohali, Machi 13
Karamu ya Hilaro. Kakwamwa na mwiba wa samaki, kaanguka, macho juu. Sikungoja! Nimekimbia kwa wazee wa baraza kutoa rambirambi. Nikamsifu marehemu, nikaomba kiti chake. Katikati ya machozi, marehemu kaingia na mwiba mkononi, kauliza anazikwa saa ngapi.

Kaliste kanikumbusha kiapo changu. Lakini leo nimemtazama vizuri yule Hilaro. Hana rangi ya mtu wa kufika Aprili.