Maskini wa Kuazima

Jumatatu, 3 Februari

Mvua usiku kucha. Sufuria mbili kitandani, ndoo moja miguuni, mimi katikati nimejikunja kama jongoo. Nimeamka shingo imekataa kugeuka kushoto. Lakini nimeamka na wazo pia!

Nieleze. Kikundi cha Dorkasi cha kanisani kwetu, wale akina mama wa vitenge vya zambarau, wameamua kuubadilisha mtaa wetu wa Chapwa. Wamezibua mtaro uliotushinda wanaume wa mtaa mzima. Wamemchimbia choo bibi mmoja aliyekuwa akiazima choo cha jirani na matusi juu yake. Na kila Jumamosi wanachukua nyumba ya mtu asiyejiweza, wanaiezeka upya, bure. Bure! Neno hilo likitajwa popote Tunduma, masikio yangu husimama.

Masharti: mwenye nyumba awe mjane, mzee au mgonjwa. Mimi si mmojawapo. Nina miaka arobaini na moja, nakula vizuri, kazi yangu udalali wa mpakani. Mtu wa Nakonde, upande wa Zambia, akitaka kitu, mimi najua kilipo Tunduma. Wa Tunduma akitaka kitu, mimi najua nani wa kuulizwa Nakonde.

Uani, chini ya turubai, nina mabati mapya. Ndiyo, ninayo. Mjinga atauliza, sasa si uezeke? Mjinga hajui biashara. Yale ni mtaji. Ba Mulenga, mteja wangu wa Nakonde, anavuka kuja kuyachukua Jumamosi. Mtaji hauezekwi.

Na paa lazima lipatikane. Imelda, katibu wa Dorkasi, nimeshamweleza nia yangu. Akajibu kwa upole kwamba hawezi kuolewa mahali watu wanapolala na sufuria. Nikasema sufuria ni za muda. Akasema basi naye atasubiri muda wake uishe. Tatizo ni kwamba fundi Deus, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, anayewapigia Dorkasi misumari kwa kujitolea, naye anasubiri. Tena anasubiri chini ya paa lisilovuja!

Wazo lenyewe ni hili: mama yangu kule kijijini Ikinga ni mjane. Na ni mzee. Masharti mawili ndani ya mtu mmoja!

Jumanne, 4 Februari

Nimempigia mama. Amekataa. Maharage yanataka palizi, ng'ombe anakaribia kuzaa, na mjini hakuna mahali pa kutema mate bila kumtemea mtu. Nikamwambia naumwa. Akauliza naumwa wapi. Nikasema kila mahali. Akasema kesho anapanda gari la asubuhi.

Uongo mdogo, wa kifamilia. Nimemsihi avae kitenge kikuukuu. Akauliza kwa nini. Nikasema stendi ina wezi.

Kisha mbio kwa Mama Ferista, mwenyekiti wa Dorkasi. Nimemweleza habari za mama yangu, mjane mzee, anayeishi kwangu katika hali ya kutisha. Akashangaa, hajawahi kumwona. Akauliza amehamia lini. Nikasema kimwili bado yuko njiani, ila kiroho alihamia zamani. Ameniangalia sana. Hata hivyo, kamati inakuja Alhamisi!

Jumatano, 5 Februari

Balaa.

Mama ameshuka na bodaboda mbili. Yeye kwenye ya kwanza, mizigo kwenye ya pili. Kitenge kipya kinang'aa, sweta la Krismasi, viatu vya kwendea kanisani. Magunia ya unga na maharage. Mkungu wa ndizi. Majogoo wawili, wanene, wenye kelele. Mtaa mzima umetoka kutazama. Deus amevuka barabara kusaidia kushusha, akaniuliza kama nafungua duka la jumla. Nikacheka naye. Hapo ndipo nikagundua mama ananitazama. Nilikuwa nimesahau kuumwa!

Nikakohoa. Mama akasema kikohozi hakikuwepo kwenye simu. Nikasema kimeanza leo. Amenichemshia mizizi aliyotoka nayo Ikinga. Nimekunywa kikombe kizima. Chungu mpaka magotini. Kisha blanketi mbili, mchana, jua likiwaka.

Jioni akatoka kuzunguka mtaa, salamu nyumba kwa nyumba kama anavyofanya kijijini. Nilifurahi, nikijua watu watamwonea huruma. Amerudi yeye ndiye amejaa huruma. Amekaa pembeni ya kitanda, mikono kichwani. Ameona watu wananunua nyanya moja. Mkaa kwa kopo. Maji kwa ndoo, tena kwa fedha, kama soda. Na nyuma ya ukuta wangu amemkuta Jenista, mjane kama yeye, na wanawe watatu. Mvua ikinyesha wanasimama kona moja mpaka iishe, hata kama ni usiku.

"Jairo," mama akasema, "sisi Ikinga tunaambiwa maskini ni sisi. Kumbe umaskini mmeuficha huku."

Nikamwambia alale, kesho kuna wageni. Nimemfundisha ajibu nini: ashike kiuno, agune, aseme hajiwezi. Akauliza nani hajiwezi. Nikasema ni namna ya kuongea ya mjini.

Alhamisi, 6 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Kamati imefika: Mama Ferista, Imelda, na Deus na futi yake ya kupimia paa. Imelda amevaa gauni la kijani. Mama hakushika kiuno. Mama amewachinjia jogoo! Watu wamekuja kukagua ufukara, wakawekewa ugali, kuku, maharage na ndizi, wakahimizwa waongeze. Deus ameongeza kwa mikono miwili.

Mama Ferista akamuuliza mama, kwa sauti ya faraja, maisha yanakwendaje. Mama akataja shamba. Akataja migomba. Akataja ng'ombe kwa majina. Akamalizia kuwa Bwana amemchunga, hajapungukiwa na kitu. Nilikuwa chini ya blanketi nikiguna kwa niaba yake, lakini haikusaidia.

Kisha akasema mgonjwa ni huyu hapa, akanivua blanketi.

Akaanza kunieleza. Ana miaka arobaini na moja. Hana mke. Hana wa kumpikia. Analala katikati ya vyombo. Anaumwa kila mahali. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa Kindali na Kiswahili, akataja hata vidonda nilivyougua utotoni na mahali vilipokuwa. Imelda akasema amina. Deus akasema amina kubwa zaidi.

Lakini subiri! Mgonjwa naye ni sharti! Kamati imenong'ona pale mlangoni, Mama Ferista akatangaza kwamba wamenipokea. Nilitaka kuruka. Nikajizuia, nikaguna. Ila kwa mgonjwa wanaanza na mwili kabla ya nyumba. Kesho wanakuja kunikanda.

Haidhuru. Nikandwe! Bati la bure lina njia nyingi.

Ijumaa, 7 Februari

Wamekuja akina mama saba. Wameleta beseni, taulo na nyimbo. Maji yamechemshwa kwa Deus na Deus mwenyewe ndiye aliyeyabeba, na naamini aliuchochea moto kwa moyo wote. Taulo la kwanza mgongoni, nikaona nyota. La pili shingoni. Ile shingo iliyokataa kugeuka tangu Jumatatu imegeuka kushoto, kulia, na ingeweza kuzunguka kabisa. Nikapiga kelele kwamba nimepona. Nimepona!

Kosa. Kosa kubwa la maisha yangu. Wameshangilia, wamepiga vigelegele, Mama Ferista amelia machozi. Halafu akamwambia Imelda anifute kwenye orodha ya wagonjwa, maana Mungu ameshamaliza. Nilijaribu kuumwa tena, angalau goti. Hakuna aliyesikia, walikuwa kwenye pambio la pili.

Mama naye akatoka uani kuanika mataulo. Akatafuta kamba. Akaona turubai. Akalifunua.

Akaniita. Nimetoka na taulo kiunoni, akina mama wote nyuma yangu, Imelda mbele yao. Mama akauliza mabati haya ni ya nani. Nikasema ni mtaji. Akauliza mtaji wa nini, na huko nyuma ya ukuta kuna watoto wanaolala wamesimama. Ningemjibu. Majibu nilikuwa nayo. Lakini kumjibu mama yako huku umeshikilia taulo, mbele ya kwaya, ni kazi ngumu.

Mama hakugomba. Aliwageukia wageni akawaambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kwao Ikinga mtu akiponywa hutoa sadaka ya shukrani. Mwanawe ameponywa, wote ni mashahidi. Na sadaka yake ndiyo hii hapa.

Vigelegele! Nikajisikia nikisema ndiyo. Sijui nani alisema. Mdomo ulikuwa wangu.

Jumamosi, 8 Februari

Wameezeka kwa Jenista. Kwa mabati yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nayapitisha juu, moja moja, na Deus kila akipokea anasema Mungu akubariki, kaka Jairo. Kila msumari nimeusikia kwenye jino.

Mama amepika makande ya mtaa mzima kwa maharage yaliyokuja kwa ajili ya mgonjwa. Wamekula mpaka wapita njia. Vijana wa kijiweni, ambao hawajawahi kuinua kitu kizito kuliko simu, wamebeba mbao na kuchimba mfereji mpaka kwenye mtaro mkubwa. Mama anawaita wajukuu zangu, nao wanakimbia anapowatuma.

Katikati ya kazi, pikapu ya Ba Mulenga. Jasho limenitoka. Nikamkimbilia, nikaanza na mulishani, salamu ya kwao, nikaendelea na hali ya hewa. Akaniuliza mabati yake yako wapi. Nikaonyesha juu. Akatazama paa. Akamtazama Jenista aliyekuwa anapanga vyombo vyake mahali pakavu, anavipangua, anavipanga tena. Ba Mulenga akavua kofia. Akaenda kwenye pikapu, akarudi na mfuko wa misumari, akampa Deus. Kisha akala makande sahani mbili. Kumbe naye ni mzee wa kanisa kwao! Miaka yote ya biashara hakuniambia, nami sikumwuliza.

Saa kumi mvua ikaja. Kubwa. Tumejibanza wote kwa Jenista. Ilipiga bati mpaka hatusikilizani. Wale watoto walikimbilia kona yao kwa mazoea, wakasimama. Wakatazama juu. Wakangoja. Hakuna kilichodondoka. Yule mdogo akakaa chini. Halafu akalala, palepale, kwenye sakafu, kama mtu aliyezimwa.

Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nadhani ni ile mizizi ya mama.

Imelda alikuwa amesimama karibu yangu kuliko ilivyohitajika. Akaniuliza kama ni kweli mabati nilikuwa nayo siku zote, nikalala na sufuria. Nikasema ni kweli. Hilo halikuwa uongo. Akafikiri nilikuwa nawatunzia watu! Sikumsahihisha. Mkristo hamkatishi tamaa mwenzake.

"Jairo," akasema. Si kaka Jairo. Jairo! "Sufuria moja kitandani naweza kuivumilia. Mbili, hapana."

Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi. Moja nimeruka vibaya, nimetumbukia. Nimecheka peke yangu.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani nimesimamishwa mbele. Nimepigiwa makofi. Mama alikaa kiti cha kwanza na Dorkasi wamemvisha kitenge cha zambarau. Baada ya ibada amepanda gari la kurudi kwa ng'ombe wake. Nilidhani ataniuliza afya yangu. Akaniambia tu sikioni kwamba siku nyingine nikimkumbuka niseme nimekumbuka, atakuja vilevile. Alijua. Tangu kwenye simu alijua! Nimebaki stendi nimeduwaa, watu wananipita.

Nimerudi nimemkuta Deus akinisubiri mlangoni kwangu. Mtu wa ajabu. Amesema Imelda ameshachagua, na yeye si mtu wa kununa. Vimebaki vipande vya bati kwa Jenista, kesho asubuhi anaweza kuja kuziba palipo juu ya kitanda changu, bila malipo. Tundu moja likizibwa, inabaki sufuria moja. Sufuria moja, posa inapelekwa. Hesabu rahisi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema asante.

Ila kwenye matangazo, Mama Ferista alikuwa amesema jambo. Dorkasi wanaingia awamu ya pili. Sasa ni zamu ya yatima. Kila yatima wa Chapwa ataezekewa nyumba nzima, si kipande. Na dari. Na nguruwe jike wa kuanzia maisha!

Nimemwambia Deus asubiri kwanza. Imelda naye asubiri kidogo, atapata dari. Mtu mwenye akili hazibi tundu wakati nyumba nzima inakuja.

Maana yatima ni nani? Ni mtu aliyefiwa na mzazi. Mimi nimefiwa. Baba alituacha nikiwa na miaka thelathini na nane tu. Na tangazo nimelisikiliza kwa makini, mwanzo hadi mwisho. Umri haukutajwa.